Santuri, Redio na Watu wa Delta

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika siku ya kukutana shuleni Kibiti)

Mwaka huu Kamati iliona tusizungumze juu ya mitihani wala ada, maana hayo mnayasikia kila siku. Nimeombwa nizungumze juu ya muziki wa bendi za zamani, na jinsi sisi watu wa Delta ya Rufiji tulivyoujua. Nimekubali kwa furaha, lakini ninalo jambo langu pia, nitalisema mwishoni.

Vijana wengi hufikiri kwamba muziki wa dansi ulikuwa kitu cha Dar es Salaam, na kwamba huku kwetu tulikuwa na ngoma za jando na unyago, na maulidi, basi. Si kweli. Muziki ule ulitufikia mapema, tena kwa njia ambayo watu wa mjini hawakuwa nayo. Ulitufikia kwa jahazi.

BORITI ZILIKWENDA, SANTURI ZIKARUDI

Mnajua kwamba delta yetu ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mahali popote katika pwani ya Tanzania. Kwa miaka mingi watu wetu walikata boriti za mkandaa na msinzi, na majahazi yakaja kuzipakia mpaka ndani ya mito, yakingoja maji ya bamvua ili yapate kutoka. Boriti hizo zilijenga nyumba za Unguja, Mombasa, na Uarabuni ambako miti ni haba. Jahazi lililokwenda na boriti halikurudi tupu. Lilirudi na tende, nguo, vyombo vya udongo, na katika miaka ya 1950, mara nyingine, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono pamoja na santuri zake.

Mimi nilizaliwa mwaka 1961 katika kijiji kimojawapo upande wa kaskazini ya delta, na shule ya msingi nilisoma huko huko. Gramafoni ya kijiji chetu ilikuwa ya nahodha mmoja aliyekwisha kuacha safari. Jioni watu walikusanyika barazani kwake. Santuri zilikuwa za aina tatu, nasi watoto tulizijua kwa rangi ya kibandiko cha katikati kabla hatujajua kusoma.

Aina ya kwanza ilikuwa taarabu. Hapa vijana wakumbuke jina la Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri kwa Kiswahili. Yeye ndiye aliyewaonyesha wafanyabiashara kwamba sauti ya Kiswahili inaweza kuuzwa pwani nzima.

Aina ya pili zilikuwa za Cuba. Kampuni ya HMV, tangu miaka ya 1930, ilikuwa ikitoa kwa ajili ya soko la Afrika mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV. Ndani yake walikuwamo Trio Matamoros, Sexteto Habanero, na Don Azpiazú na wenzake. Hakuna mtu kijijini aliyeelewa neno moja la Kihispania, lakini kila mtu alizijua kwa moyo, na wengine waliziimba kwa maneno waliyoyatunga wenyewe.

Aina ya tatu zilikuwa chache sana, mbili au tatu, za Kiingereza. Moja ilikuwa ya mtu anayepiga piano kwa nguvu, na saksafoni nyuma yake, na sauti nene iliyotulia kama ya mzee anayeongea na wajukuu. Nahodha aliiita "ile ya mbio". Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilikuja kumtambua mwimbaji yule kuwa ni Fats Domino wa New Orleans, mmoja wa waanzilishi wa muziki ulioitwa rokenroli.

MJOMBA NA UBAVU WA MTUMBWI

Aliyenifundisha kusikiliza ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Yeye alikwenda Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950, akafanya kazi ya ukuli bandarini. Baada ya kazi alijiunga na bendi ndogo ya vijana waliotoka huku kusini, akawa mpiga tumba na mwimbaji. Alirudi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1960, na sababu ya kurudi nitaieleza baadaye.

Mjomba hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alikuwa na masikio. Siku moja, tukivuka kwa mtumbwi kwenda kwenye mashamba ya mpunga, aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi: mara tatu, akapumzika, mara mbili. Akasema, "Mpwa wangu, huo ndio moyo wa santuri za Cuba. Sasa sikiliza tena ile ya mbio ya nahodha, uniambie kama humo ndani hamna Mcuba." Nilicheka. Lakini jioni niliisikiliza tena, na kweli, mkono wa kushoto wa mpiga piano ulikuwa na mruko ambao si wa Kizungu.

Leo hayo yameandikwa na wataalamu. Rokenroli ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950 kutokana na bluzi za watu weusi, nyimbo za makanisani kwao, na muziki wa watu weupe wa mashambani. Elvis Presley alirekodi santuri yake ya kwanza ya biashara huko Memphis mwezi Julai 1954. Mwaka 1955 walitokea Chuck Berry na gitaa lake, Little Richard na makelele yake, na Bo Diddley ambaye pigo lake maarufu karibu ni lile lile la tatu na mbili alilogonga mjomba kwenye mtumbwi. Nako New Orleans, mji wa Fats Domino, ni bandari iliyokuwa ikipokea meli za Havana kwa miaka mingi. Kwa hiyo mapigo ya Waafrika waliopelekwa utumwani Cuba yaligawanyika njia mbili: moja ikaenda kaskazini ikaingia katika rokenroli, nyingine ikavuka bahari ndani ya santuri ikarudi Afrika. Mjomba alilijua hilo bila ya kitabu.

BENDI ZETU WENYEWE

Tusidhani hata hivyo kwamba muziki wa bendi ulianza kwetu na santuri. Kabla yake ilikuwapo beni, ngoma iliyoiga gwaride na matarumbeta ya wakoloni, ikaenea pwani yote na bara tangu mwisho wa karne ya 19. Vyama vya beni vilikuwa na vyeo, sare na mashindano. Ndipo ikaja Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Neno "jazz" hapa msilichukue kwa maana ya Kimarekani. Kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya dansi tu. Huko Morogoro pia Salum Abdallah alianzisha mwaka 1948 bendi ambayo baadaye iliitwa Cuban Marimba. Jina lenyewe laonyesha walikokunywa maji. Mabwana wale walianza kwa kuiga santuri za GV, kisha wakatia Kiswahili, kisha wakatia mawazo yao, mpaka ikawa ni mali yetu. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Dar es Salaam zilikuwapo Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande na Western Jazz iliyoanza mwaka 1959. Bendi nyingi za namna hiyo zilikuwa kama vyama vya watu wa nyumbani waliokutana mjini. Kijana akitoka kijijini alijua pa kwenda Jumamosi, na akifiwa alijua watakaomchangia. Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Magita ya umeme, vipaza sauti na saksafoni vilikuwa ghali, na fedha za kigeni zilikuwa haba, kwa hiyo mashirika ya umma yakawa ndiyo yenye vyombo. Chama cha wafanyakazi kikaanzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Jeshi, Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wakawa na bendi zao, na hata kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara kama karani.

Sisi tulizipata bendi hizo kwa redio. Mjomba alikuwa na redio ya National, na wakati mpunga ukikomaa alipanda nayo kwenye dungu. Wasiojua, dungu ni kibanda cha juu ya miti ambamo tulikaa kulinda mpunga, mchana dhidi ya ndege, usiku dhidi ya nguruwe. Betri zilikuwa ghali, hivyo redio ilifunguliwa saa ya taarifa ya habari na saa ya muziki tu. Mjomba alinifundisha kulitenga kila gitaa: hili ni solo, hili ni ridhimu, hili ni besi linalotembea chini kama mtu avukaye maji kwa tahadhari. Alinionyesha kwamba wimbo una nusu mbili. Kwanza yanakuja maneno, polepole, ili watu wasikie kisa. Kisha linakuja chemko, waimbaji wanaitikiana, magita yanazunguka, na hapo ndipo wachezaji wanaposahau shida zao.

Na maneno yalikuwa na uzito. Yalizungumzia ndoa, wivu, ulevi, umaskini, mtoto aliyesahau wazazi. Yalitangaza pia siasa ya Ujamaa, vijiji na kilimo, kwa kuwa mwenye vyombo ndiye mwenye neno. Lakini hata katika nyimbo hizo mtunzi hodari aliweza kupenyeza fumbo lake, na wazee wa delta, ambao ni watu wa mafumbo, waliligundua kabla wimbo haujaisha.

Mpenzi wetu mkuu alikuwa Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu alizaliwa Mzenga, Kisarawe, katika Mkoa wetu huu wa Pwani. Alijulikana akiwa na Morogoro Jazz, akaenda nayo Japani kwenye Maonyesho ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Muhidin Maalim Gurumo naye, sauti ya NUTA, alitoka Masaki, Kisarawe. Mtindo wa bendi yake uliitwa Msondo, na mwaka 1978 alipohamia Mlimani Park, mtindo wa huko uliitwa Sikinde. Vijana, hayo ni majina ya ngoma za kwetu pwani. Msondo ni ile ngoma ndefu ya unyagoni mnayoisikia mpaka leo. Kwa hiyo bendi za mjini zilipotafuta jina la kujivunia, zilirudi kuchota vijijini.

HAPA SHULENI

Shule yetu ya Kibiti, kama mjuavyo, ilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Cuba. Fidel Castro mwenyewe aliitembelea Tanzania mwezi Machi 1977. Mjomba aliponisindikiza kuanza kidato cha kwanza, tulitoka kijijini kwa mtumbwi mpaka Nyamisati, kisha kwa miguu na kwa lori. Alipoambiwa nani wamesaidia kujenga majengo haya, alisimama akayatazama sana, akasema, "Kumbe wale wa santuri ni watu kweli." Wenzangu walidhani amechoka na safari. Mimi nilimwelewa.

Hapa nilikutana na vijana wa mijini waliojua mambo mengine. Wao walikuwa na kanda za soul na za Marekani. Muziki wa soul, mtakumbuka, ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwezi Novemba 1969, katika wakati ule ambapo vijana walikatazwa pia nguo fupi na suruali za kubana. Ilisemwa kuwa unaharibu utamaduni wetu. Jumamosi usiku bwenini tulibishana: wa mijini wakidai muziki wetu ni wa kizee, nasi wa vijijini tukidai wao ni watumwa wa mawazo. Ubishi ule ulinifaa kuliko masomo mengine. Maana niliposikia kwao gitaa la Chuck Berry, nililitambua: mtu yule alikuwa akilisemesha gitaa, anaimba mstari na gitaa linamjibu, kama Mbaraka afanyavyo. Tangu siku hiyo sikuona tena sababu ya kuchagua upande.

Mwezi Januari 1979, nchi ikiwa vitani na Idi Amin, tulisikia kwa redio kwamba Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, tarehe 12. Nakumbuka bweni zima lilivyonyamaza, wa vijijini na wa mijini. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu.

JAMBO LANGU

Sasa nalisema jambo langu, Ndugu Mwenyekiti.

Bendi ile ya mjomba, mwaka 1966, ilirekodi nyimbo nne kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka kanda Nairobi zitengenezwe santuri. Mbili kati yake alizitunga na kuziimba mjomba. Walilipwa mara moja, siku ile ya kurekodi, fedha ya kutosha nauli na chakula. Santuri ilitoka ikiwa na jina la bendi peke yake. Mwenye vyombo alipogombana na wanamuziki alivichukua vyombo vyake, na bendi ikafa. Mjomba akabaki na kazi ya bandarini na kifua kibovu, ndipo akarudi delta kulima mpunga. Nakala yake ya santuri ilipotea katika mafuriko makubwa ya mwaka 1974, pamoja na nyumba. Bibi yangu aliyemzaa alifariki bila ya kumsikia mwanawe katika santuri hata mara moja. Mjomba mwenyewe alifariki mwaka 1988.

Msidhani ni kisa cha mtu mmoja. Little Richard alirekodi "Tutti Frutti" mwaka 1955, na Mzungu Pat Boone akaurudia wimbo ule ule, nakala yake ikapanda juu zaidi katika orodha ya mauzo kuliko ya mwenyewe. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akalipwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962 huku wimbo wake ukizunguka dunia. Wanawe walikuja kupatana na wenye haki za wimbo mwaka 2006. Kwetu sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ilipitishwa mwaka 1999, wakati watunzi wengi wa zamani walikwisha kuwa makaburini. Sheria ni njema, lakini haiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Ndiyo sababu naomba mambo mawili. La kwanza ni kwenu wanafunzi wa sasa. Ninyi mna simu zinazonasa sauti vizuri kuliko mashine za wakati wetu. Likizo hii, kila mmoja akae na mzee wake, babu au bibi, amwulize: mlicheza muziki gani, nani alipiga, nani aliimba, mlisikilizia wapi? Andikeni majina. Msiandike "bendi ya zamani" mkaishia hapo. Andikeni jina la mpiga tumba, jina la mpiga besi, na kijiji alichotoka. Mkuu wa Shule amekwisha nikubalia kwamba maktaba itatenga kabati kwa kazi hiyo.

La pili ni kwenu wenzangu. Wengi wetu tunayo masanduku ya wazee wetu ambayo hatujayafungua tangu matanga. Yafungueni. Msizitupe santuri kwa kuwa hamna mashine ya kuzipigia. Wako watu wenye mashine. Jina la bendi ya mjomba na rangi ya kibandiko cha santuri ile nimemwandikia Katibu, naye ameahidi kuyabandika ubaoni hapo mlangoni. Nimeitafuta santuri hiyo Dar es Salaam, Unguja na Mombasa kwa zaidi ya miaka 30. Mama yangu yu hai, ana miaka 86, na kila nirudipo nyumbani huniuliza kama nimeipata sauti ya kaka yake. Mwenye nayo asinipe bure, wala sitaichukua. Aniruhusu tu niipige mara moja mbele ya mama, kisha nitamrudishia mwenyewe mkononi.

Nawatakia mkutano mwema, na vijana nawatakia mitihani myema.